Ua la Nyanya Juu ya Mukimo

Mama,

Wakwe walikuja Jumamosi kutoka Manyatta, watu kumi na wanne, na hatukuaibika. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Kendi wetu, mjukuu uliyemlea kwa mikono yako, ameposwa.

Mukimo niliupika mimi, viazi, mahindi na majani ya malenge nikaviponda pamoja. Nilifuata ulivyokuwa ukifanya: nikaushindilia kwenye bakuli lililolowa supu, nikaupindua juu ya sinia, nikaulainisha kwa mgongo wa mwiko. Nikauzungushia mayai yaliyokatwa nusu na majani ya dania, na juu kabisa nikaweka ua la nyanya. Halafu, kwa haraka zangu unazozijua, nikaufunika ungali moto nikaenda kuoga.

Niliporudi nikafunua. Mama! Dania imekuwa nyeusi, ua limelala, maji yanachuruzika mpaka kwenye mayai. Nilikaa kwenye kigoda nikalia, na sikuwa nalilia mukimo. Nilikumbuka ile Krismasi ulipokuwa ukikunja ngozi ya nyanya pole pole, wageni wakingoja, nami nikakwambia mbele yao, "Mama, watu wanataka kushiba, si kutazama maua." Uliweka kisu chini. Hukupamba chakula tena hadi ukatuacha. Tangu hapo nimebeba hilo, kwamba nilikuvunja moyo na sikukuomba msamaha.

Mama Mutuma, rafiki yako wa kikundi cha akina mama kanisani, akanikuta hivyo. Nikamweleza yote. Badala ya kunihurumia alicheka hadi akashika mlango! Akaniambia ulimsimulia maneno yangu mkitoka soko la Nkubu, na kwamba ulicheka ukashindwa kutembea. Ati ulisema, "Karimi ako na mdomo kama yangu. Wacha tu. Siku ya kupeana msichana wake atanitafuta. Kama sitakuwa, wewe umuonyeshe."

Na kuhusu kupamba, kumbe vidole vyako vilikuwa vimeanza kutetemeka, na hukutaka tujue. Mama, ungeniambia. Ningekushikia hiyo nyanya.

Basi Mama Mutuma akajifunga leso, akafuta yale maji, akanituma shambani kuchuma dania nyingine. "Hii mukimo ipoe kwanza," akaniambia. "Maua inawekwa wageni wakisha kunawa mikono." Ua nililokunja mara ya pili lilikaa upande upande, lakini lilikaa. Mkwe wa kike, mama wa mchumba wa Kendi, hakukubali mtu achote mpaka wote watazame, na mumewe ameshika kijiko kwa njaa. Nilicheka kwa sauti, jambo ambalo sijalifanya tangu uondoke.

Kuna kitu sijamwambia mtu. Tangu tukuzike hapo karibu na kahawa, nikienda kuchota maji huzunguka nyuma ya zizi, nipite mbali, kwa sababu nilikuwa naogopa kupita mbele yako. Nimechakaza njia nzima kwa woga wangu, hata majani hayaoti tena.

Lala salama, Mama. Nakuahidi, kuanzia kesho nitapita mbele yako, na nitasimama nikuamkie.

Ni mimi wako,
Karimi