Mashina Yamebaki Mutoshi

Mwene-Ditu, Jumapili baada ya misa

Tata Mado, mume wangu,

Nakusalimu. Mwili wangu ni mzima, moyo usiniulize. Mtoto wetu Mado anakula vizuri? Kile kikohozi chake kimeisha? Na wewe, huko mgodini wanawaita kazini, au bado mnakaa nyumbani mkingoja mashine zitengenezwe?

Mimi niko kwa mjomba, ndugu wa marehemu mama, ambaye sikuwahi kumwona mpaka gari moshi liliponishusha hapa. Tunalala barazani pamoja na wengine waliofukuzwa kama mimi. Kolwezi, mji niliozaliwa, waliniambia nirudi kwetu Kasai, huku walikotoka wazazi wangu. Hapa nikifungua mdomo sokoni wanacheka Tshiluba changu, lugha ya huku, wananiuliza nitarudi lini kwetu Katanga. Mwanzoni nilicheka nao. Sasa nimechoka.

Nimeanza tena kutengeneza kadi za Bonana, mwaka mpya usinikute nimekaa bure. Unalijua kopo nililokimbia nalo siku ile vijana wa kufukuza watu walipotugongea mlango: mna mihuri yangu ya maua, ile niliyoichonga kwenye soli za sandali. Mihuri yako ya mashina na majani nilikuwa nimeiosha na kuianika dirishani, ikabaki hapo hapo, nyumbani kwetu Mutoshi. Basi nagonga maua, na chini yake hakuna kitu. Wino mwekundu nao ukaisha. Nikajaribu nkula, ule unga mwekundu wa mti, na mafuta ya mawese, kadi zikawa kama karatasi ya kufungia vitumbua. Juzi mama mmoja tuliyesafiri naye alishika kadi, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mama Mado, hii ni tomati? Bonana ya tomati?" Baraza zima likacheka. Mimi nilitaka kulia.

Utasema nichonge mashina mengine. Soli ipo, wembe upo. Sitaki, tata Mado. Pale mezani kwetu wewe ulikuwa wa chini, mimi wa juu, na Mado wa kupuliza wino ukauke. Siku nitakapochonga mashina, nitakuwa nimekubali kwamba hamji.

Na nimekasirika, nakwambia wazi. Pale stesheni dada yako Odette alimshika Mado mkono, akasema, "Mutoto ni wa kwetu. Weye enda kwenu." Ukamwachia. Halafu ukaja kwenye dirisha la behewa, ukaninong'oneza, "Tangulia, mama. Mi ntakuya na mutoto." Nilikubali kuondoka kwa neno hilo tu. Sasa barua yako inasema gari moshi hakuna. Anayekuletea barua hii ni mfanyakazi wa reli. Muulize yeye anasafiri na nini.

Ndani ya bahasha kuna kadi ya komunyo ya kwanza ya Mado. Nimegonga maua tu, nikaacha nafasi chini, pale unapopajua. Mwache mtoto abonyeze muhuri mwenyewe, wewe mshikie karatasi isiteleze. Kisha mje nayo niione.

Msalimie baba mkwe, mwambie magoti yake nayaombea. Msalimie jirani yetu, mama wa ubatizo wa Mado, aliyenifungia mihogo ya njiani wakati wengine walifunga milango. Na Odette msalimie pia. Kitenge changu cha harusi akivae tu, najua ameshakivaa. Lakini asimsuke Mado kwa nguvu, kichwa cha mtoto huyo kinauma upesi.

Ukiona huwezi kuja, usiniandikie sababu. Nirudishie kadi kama ilivyo, nianze kuchonga.

Mkeo,
Mama Mado