Kibla ya Bangkok

Lanham, Jumapili, baada ya Isha

Wali wa nazi na embe, sahani moja! Tangu asubuhi najiuliza unakuwaje mdomoni. Binti yangu Salma, aliyekwenda Bangkok kusomesha, leo kanitembeza mji kwa simu nilipomaliza tu kuswali Alfajiri. Nimeona mahekalu ya dhahabu, nimeona watu wanauza chakula ndani ya mashua, mpaka dukani nikamchagulia kitambaa.

"Mwambie muuzaji apunguze bei!"

"Mama, anakusikia!"

"Na asikie."

Lakini langu lilikuwa jingine. Miezi mitatu naogopa huyu mtoto ameacha kuswali, na nikimuuliza waziwazi atanikatia simu kama siku ile nilipomuuliza.

Aliporudi chumbani kwake nikazunguka kwa maneno. "Mwanangu, kwetu Unguja tunaelekea kaskazini, huku ughaibuni niliko ni mashariki. Huko kibla iko wapi?"

Hata hakufikiri. Huku anavua viatu akanyoosha mkono: "Hapo, penye friji."

Nikamwambia haya, kapumzike mama. Simu ilipokatika nikasujudu kwa shukrani palepale jikoni, na aproni yangu kiunoni.