Beseni Halitoki Bandani

Nyumbani,
kwenye meza ya cherehani,
Jumapili mchana, watoto wamelala.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na kabla sijasema lolote nataka kujua: kifua chako kinaendeleaje? Mama anasema siku ile mlipoongea ulikuwa unakohoa kila baada ya maneno mawili. Vaa lile sweta nililokutumia, hata kama mikono yake imekuwa mirefu. Kunja. Na wifi hajambo? Watoto nao, bado wanatukumbuka au wameshatusahau sura?

Sisi huku ni wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi, likishapata joto linatulia. Shemeji yako kazi ya zamu inamtafuna, lakini hajakonda. Binti yangu mkubwa, yule tunayemwita Kasuku, bado anarudia kila anachosikia, kwa hiyo siku hizi nyumba nzima tunaongea kwa adabu. Mdogo ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu. Mimi pia mzima, nimechoka tu, ule uchovu wa kukaa chini halafu ukasahau ulikuwa umekaa ufanye nini.

Sasa nije kwenye lililonikalisha leo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe hunishinda kwa maneno. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Mama kanipa ujumbe wako: kwamba ile bodi ya gari la ufukweni, bodi ya faiba mliyoagiza wewe na marehemu baba, umempa rafiki yako mwenye hoteli. Aje aichukue, aiweke getini kwake, apande maua ndani yake, "ili dada apate nafasi bandani na apumzike." Nilipousikia nilikuwa nimembeba mdogo mkono mmoja, na mwingine unasuuza nepi. Nikaendelea kusuuza hiyo nepi mpaka mama akaniambia inatosha, itatoboka.

Kaka, najua umesema kwa upendo. Uliniona kwenye picha ile nina macho kama nimepigwa, ukaona uniondolee mzigo mmoja. Ndiyo maana na mimi nakujibu kwa upendo: hapana. Beseni halitoki bandani, isipokuwa kwa magurudumu yake lenyewe.

Unalikumbuka jina hilo? Ni la mama. Siku lilipoletwa alilizunguka, akauliza mbona mmenunua beseni kubwa namna hii na halina hata mpini. Baba akacheka mpaka akashika ukuta.

Wewe ulipoondoka uliacha vipande vimelala chini ya turubai, na pembeni lile gari kuukuu lenye mgongo wa mviringo na injini nyuma, ambalo lilikuwa litoe injini na chesisi ya kubebea bodi. Baba naye akatutoka. Kuku wakahamia ndani ya Beseni, wakataga humo, na sisi sote tukawa tunapita bila kutazama. Mimi nililifunua tena mdogo alipokuwa bado mchanga. Cherehani nilikuwa nimeipumzisha, nyumba imejaa nepi, na nilitaka kitu kimoja tu ambacho nikikifanya leo, kesho nakikuta kimefanyika. Vyombo haviko hivyo. Nguo za watoto haziko hivyo. Msasa uko hivyo.

Usifikiri nilichezea afya ya mtoto. Vumbi la faiba linawasha kuliko upupu, na resini, ile gundi ya maji ya kugandishia faiba, inanuka mpaka kichwani, kwa hiyo watoto walibaki ndani na mama, milango imefungwa. Mimi nilijifunga kitambaa usoni na kuvaa shati la zamani la baba. Nikimaliza, shati linabaki huko huko bandani, naoga maji baridi mwili mzima, ndipo nanyonyesha. Shemeji yako alikuwa akiniona natoka huko nimekuwa mweupe kama nimeanguka kwenye unga. "Umenizalia mara mbili," akasema, "sasa naona unazaa gari." Nikamwambia hili la tatu angalau halitalia usiku. Akaenda kuwabadilisha watoto mwenyewe, bila kuambiwa. Nakutajia hilo kwa sababu najua unamwonea shaka.

Resini ya kwanza niliiharibu. Nilizidisha ile dawa ya kugandisha, ikachemka yenyewe ndani ya kopo, ikatoa moshi, ikawa jiwe na brashi yangu ndani. Mama bado ameliweka kopo hilo dirishani. Anasema ndilo pambo pekee nililowahi kumtengenezea. Ya pili ikakubali. Ule ufa wa mbele, pale kreti ilipoangukia, nimeuziba kwa ndani. Nilifanya kama ninavyofanya nguo: kwanza nakata karatasi, naipima mahali pake, ndipo nakata faiba kwa kufuata karatasi. Ukipitisha kiganja leo hutajua ufa ulikuwa wapi.

Sasa cheka, maana hapa panachekesha. Chesisi ilibidi ikatwe katikati na kufupishwa ili ilingane na bodi. Nikamwita fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Cheche. Vipimo nikamchorea mimi kwa chaki na futi kamba yangu. Akakata, akaunganisha uso kwa uso, kazi safi. Tukaweka Beseni juu. Matundu ya bolti yakakataa. Chesisi imezidi kama vidole viwili.

Cheche akakuna kichwa. "Mama Kasuku, hiki kipimo umekitoa wapi?"

"Kwenye karatasi ya maelezo. Halafu nikaacha cha mshono."

"Cha nini?"

"Cha mshono. Kidogo upande huu, kidogo upande ule."

Kaka, mtu huyo alikaa chini. Alivua miwani yake ya kuchomelea, akafuta machozi. "Chuma hakikunjwi pindo, mama! Ulitaka nikitie na vifungo?" Mtaa mzima sasa unajua. Nikienda dukani naulizwa kama nimeshapiga pasi gari langu.

Lakini alipomaliza kucheka alisema jambo jingine, na hilo mtaani hakulipeleka. Alisema afadhali nilizidisha, kwa sababu kilichozidi kinakatwa tena; ningekuwa nimepunguza, tungekuwa tumekaa pale tunalia wote wawili. Akakata tena. Safari hii nilifunga mdomo na kushika taa. Matundu yakakubali yote.

Na kuhusu kushika taa. Unakumbuka baba alivyokuwa akitugawia kazi? Wewe alikupa spana, mimi alinipa tochi. Miaka yote ile ulidhani mimi nimesimama tu. Aliyeshika tochi, kaka, ndiye aliyekuwa akitazama.

Rafiki yako alikuja Alhamisi, na pikapu, na wanaume wawili, na kamba. Mtu mzuri, sina ubaya naye. "Nimefuata chungu changu cha maua, mdogo wangu," akasema.

"Karibu, kaka. Chungu hakuna. Kuna gari."

Akacheka, akafunua turubai, akaacha kucheka. "Mbona lina magurudumu?"

"Ulitaka liwe na miguu?"

"Lakini ndugu yako amenipa."

"Amekupa kile alichokiacha. Alichokiacha kilikuwa bodi yenye ufa na kuku ndani. Ukitaka kuku nitakufungia."

"Kuku ni wangu mimi!" mama akapaza sauti kutoka mlangoni, na Kasuku nyuma yake, "Ni wangu mimi! Ni wangu mimi!" Wale wanaume wawili wakageuka kutazama ukuta ili wasicheke mbele ya bosi wao.

Ila rafiki yako hakuwa anatania, na mimi sikuwa natania. Ameshajenga jukwaa la saruji getini kwa ajili ya Beseni, ameshawaambia watu. Akaniambia waziwazi, bila ukali: aliyempa ni wewe, na mwisho wa mwezi atakuja na jibu lako. Ukisema asichukue, hachukui. Ukisema achukue, atakuja na mtu wa kufungua bolti. Pikapu ilipoondoka nililifunika Beseni tena kwa turubai, nikafunga kamba mara mbili.

Kesho yake mteja akaniletea gauni lake la zamani, anataka jipya kama lile lile. Nikawa nalitandaza mezani kuchukua umbo lake, kazi ninayoifanya kila wiki, na mkono ukasimama wenyewe. Gauni likishanakiliwa mwenyewe anarudishiwa gauni lake. Hapotezi hata uzi.

Nikaenda bandani. Nikaipaka nta pua ya Beseni, sehemu yote ya mbele, mpaka ikateleza, nikatandika faiba na resini juu yake, nikaacha igande. Jana imetoka, kwa kuvutwa na kutukanwa kidogo, lakini imetoka nzima. Ipo chini ya paa la jikoni kama kofia ya jitu iliyogeuzwa. Ndani ya kofia hiyo nitatandika faiba nyingine, na hiyo itakayotoka itakuwa pua yenyewe, na mahali pa taa na kila kitu. Rafiki yako aiweke kwenye saruji yake, apande maua kwa nyuma, watu watadhani gari linatoka bustanini. Nilimpigia simu nikamweleza. Akauliza, "Na taa zitawaka?" Nikamwambia balbu anunue mwenyewe.

Kwa hiyo yeye ameridhika, ila bado anataka kusikia kwako, kwani ahadi ni yako. Hicho ndicho ninachokitaka. Usimwambie asubiri. Usimwambie muelewane. Mwambie Beseni ni la dada yangu, basi.

Nikwambie na sababu, maana hukuniuliza. Si kwa ajili ya baba tu, ingawa alama zake za penseli bado zipo ndani ya bodi, vile vijisalaba vya mahali pa kutoboa, na nimetoboa juu ya kila kimoja kwa kuomba radhi. Ni kwamba tangu niwe mama, kila kitu nakiachia njiani. Chai naiacha ikipoa. Sentensi naiacha katikati, mtoto ameita. Hata nywele zangu zimesukwa upande mmoja tu tangu Ijumaa. Watu wananihurumia, na kila anayenihurumia ananiondolea kitu kimoja mkononi. Naomba mnisaidie kwa kunishikia mtoto, si kwa kunipokonya spana. Hiki nimekianza na nitakimaliza.

Na sijambo sana, ukitaka kujua. Injini imewaka Jumanne. Ilikohoa kama wewe, halafu ikatulia. Nimeliendesha kutoka bandani mpaka getini na kurudi, breki zikashika zote, Cheche akikimbia pembeni ameshika moyo kana kwamba ni mkewe anayejifungua. Zimebaki nyaya za taa za nyuma na kupelekwa kwa mkaguzi. Mkaguzi akilikataa, nitamuuliza kwa nini, nitarekebisha, nitarudi. Akilikataa tena nitarudi tena. Baada ya hapo tunakwenda baharini sisi sote, na mama amesharidhia, kwa sharti kwamba nisizidi mwendo wa kuku wake.

Naona mdogo anajigeuzageuza, kwa hiyo nafunga. Barua hii nampa binamu anayesafiri Jumatano, atakukabidhi mkononi, usije ukasema haikufika. Msalimie sana wifi, mwambie vile vitambaa vyake vya dirisha nimevishona. Wabusu watoto, waambie shangazi yao ana gari lisilo na milango na watalipanda kwa kuruka. Mama anakusalimu na anasema kunywa kitu cha moto. Shemeji yako anakusalimu. Cheche pia, hata kama hamjuani. Kasuku ameniagiza nikwambie, "Mjomba, ni wangu mimi," na sijui anamaanisha nini, lakini nimeandika.

Mungu akuponye kifua, akulinde njiani na kazini, akurudishe nyumbani ukiwa na afya ya kurukia gari.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye sana na nisiyebanduka,

Mama Kasuku

Nyongeza: Viti nimevishona mwenyewe, na safari hii niliacha cha mshono mahali panapostahili. Cha dereva nimekifunga kwa kimo cha miguu yangu. Wewe hutaenea, magoti yatagonga usukani. Usihuzunike. Cha pembeni yake nimekiacha na nafasi ndefu ya miguu, kwa vipimo vya ile suruali yako uliyoisahau hapa. Hicho ni chako. Tochi nimeiweka chini yake.