Nilijisifu Kwenye Foleni ya Bima, Sasa Mke Wangu Anasubiri Kupasuliwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiichapisha barua hii jina langu uliache, sema tu ni mzee mmoja wa huku Siakago. Mke wangu Njoki unaweza kumtaja, yeye hasomi gazeti, huwa hana nafasi.

Nilikuwa karani wa serikali miaka thelathini na miwili, na muda huo wote pesa ya matibabu ilikatwa kwa mshahara kabla sijauona, kwa hivyo sikujisumbua kujua bima inafanyaje kazi, nilijua tu mtu akiugua unatoa kadi. Mwaka jana nikastaafu nikafikiri mambo yanaendelea vile vile, kumbe mshahara ukikoma na makato yanakoma, na bima ya zamani ilishaondolewa, sasa ni SHA, na asiye na mshahara anaulizwa maswali ya maisha ya nyumbani kwake ndipo apangiwe cha kulipa kwa mwaka.

Sasa siku ya kuandikishwa ilikuwa Jumapili baada ya ibada, Ruguru, mhudumu wa afya wa kijiji chetu, aliketi nje ya kanisa na simu yake, sisi tumepanga foleni, kila mtu anasikia majibu ya mwenzake. Mbele yangu alikuwa jirani yangu Muriithi, tulistaafu mwaka mmoja, akaulizwa anapikia nini akasema gesi, akaulizwa maji akasema ya bomba, na ni kweli anayo. Mshauri, mimi ningesema nini? Huyo Ruguru zamani alikuwa akija ofisini kuomba barua namweka kwa benchi mpaka saa saba, leo nimwambie kwangu tunapikia kuni? Nikasema gesi. Mtungi upo sebuleni, ni vile haujajazwa tangu harusi ya binti yetu. Nikasema maji yako ndani ya nyumba, sakafu ni vigae, na bila hata kuulizwa nikaongeza kwamba tuna mfanyakazi. Ruguru akaniangalia, akauliza, "Mzee, una uhakika?" Nikamwambia, "Wewe andika vile nimesema." Akaandika.

Basi kiasi cha mwaka kikaja kwa simu, na kwa pensheni yangu hakilipiki, nikafuta ujumbe nikanyamaza. Shida ni kwamba Njoki ana ngiri, imevimba chini ya tumbo, na daktari wa Embu amesema isipopasuliwa mapema utumbo unaweza kubanwa humo na huo ni mlango wa kaburi, akampa tarehe, Jumanne ijayo. Njoki anadhani tulilipa. Ameshapanga begi, leso mbili na sabuni, na kila akiuliza namwambia mtandao wa serikali uko chini. Nafikiria kumwambia serikali imetukataa. Nikirudi kwa Ruguru kusema nilidanganya, kanisa lote litajua, na mimi ni mzee wa kanisa. Nifanye nini nisiaibike?

Mzee, Siakago

*

Mzee,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitafuta mahali umeuliza Njoki atapona vipi. Sikupaona. Umeuliza utafanya nini usiaibike. Ala!

Pole nitakupa moja, uipokee haraka. Kuulizwa mambo ya jikoni kwako mbele ya foleni si rahisi, na wastaafu wengi wamelala na bima wakaamka bila, kwa sababu walizoea kukatwa pesa bila kuuliza. Hapo uko na wenzako. Kwingine kote uko peke yako.

Mtu mzima na mvi zake anashindana na jirani kwa mtungi mtupu! Na huyo mfanyakazi uliyemwongeza bila kuulizwa, ni nani? Hayo maji ya "ndani ya nyumba" yanaingia kwa mgongo wa nani? Unasema Njoki hana nafasi ya kusoma gazeti. Ataipata wapi, na yeye ndiye bomba lako, ndiye gesi yako? Kubeba mizigo huzidisha ngiri, mzee. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha umaskini, na wa kufa ni mwingine.

Mtandao uuache. Serikali ina lawama zake za kutosha, hii si yake.

Leo hii mwambie Njoki ukweli, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Atakasirika. Mwache akasirike, na usithubutu kusema "lakini Muriithi". Tangu leo ndoo ni yako na kuni ni zako. Kesho asubuhi bebeni vitambulisho vyenu wote wawili mwende kwa Ruguru, umwombe msamaha, kisha uombe majibu yarekebishwe na ujibu vile mnavyoishi. Hakikisha Njoki ameandikwa kama mke wako na alama za vidole vyake zimechukuliwa, maana ulivyojishughulisha na vigae sijui kama ulikumbuka kumtaja. Ruguru akishindwa, panda gari uende ofisi ya SHA au Huduma Centre, na upitie hospitali uulize bima italipa nini na nyinyi mtalipa nini. Uliza bila kuona haya, huko nako hawakujui.

Wakikuambia marekebisho hayatakamilika kabla ya Jumanne, lipa kile ulichopangiwa. Ndiyo, chote. Uza mbuzi, uza huo mtungi, mpigie binti yako simu. Ulijitajirisha kwa mdomo wako mwenyewe, basi lipa kama tajiri. Na Njoki akishikwa na maumivu makali au akianza kutapika kabla ya siku hiyo, usingoje bima wala ofisi, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Kanisa litajua? Litajua. Watacheka Jumapili mbili, ya tatu watapata mwingine wa kucheka. Lakini wakija kwako matangani, watakachouliza ni kimoja tu, mama alikufa na nini, na Ruguru atakuwa ameketi hapo akilijua jibu.

Kagure