Askari Pekee wa Kikosi cha Maafisa

Jumatano, 1 Mei 1822
Tumefika Mavrolithi, kijiji cha Wagiriki mlimani. Miguu imechubuka, viroboto wametutangulia. Tuko wanane, wote tumetoka Ulaya kuja kuwakomboa Wagiriki kutoka kwa Waturuki, na wote ni maafisa. Baroni Trossau, kanali. Delorme, meja. Makapteni watano. Waliponiuliza mimi, nikasema luteni — ulimi umeniponyoka! Kule Lucerne nilikuwa mshona nguo.

Mama mwenye nyumba, Garoufalia, katupa maharage na zeituni. Katuhesabu kwa kijiko. "Wakubwa wanane. Na wa kupigana yuko wapi?"

Tukaendelea kula. Maharage yalikuwa matamu.

Ijumaa, 3 Mei
Baroni kawahutubia wapiganaji wa Stamoulis, mkuu wao wa huku mlimani. Saa nzima! Mababu zao watukufu, falsafa, mahekalu ya marumaru. Mimi ndiye mkalimani — Kigiriki nilikiokota Trieste nikiwashonea mabaharia. Stamoulis kasikiliza kwa adabu, huku anajikuna shingo.

"Muulize, kaleta baruti?"

Baroni kaleta vitabu.

"Basi mwambie babu yangu alichunga mbuzi. Na baba yake vilevile."

Hilo sikulitafsiri.

Jumatatu, 6 Mei
Gwaride. Baroni anataka wasimame wima, mstari mmoja, uwanjani peupe. Wagiriki wamecheka mpaka wakashika mbavu. "Nisimame kama mshumaa, nani aniwashe?" kauliza mmoja. Wao hupigana wamelala nyuma ya mawe, huku wakimtukania adui mama yake.

Baadaye Stamoulis kaja na koti lililochanika begani. Nikalishona. Katazama mishono, kanitazama usoni.

"Ndugu yangu, wewe si luteni. Wewe ni fundi!"

Kalitamka neno hilo kama wengine wanavyotamka "jenerali". Nimefurahi kuliko inavyopasa.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Foleni ya watu mlangoni, kila mmoja na suruali yake. Baroni kauliza kulikoni. Garoufalia kamweleza kwa ishara za sindano. Nimevuliwa cheo mbele ya kikosi! Kosa: kushona. Sasa mimi ni askari wa kawaida, na kikosi hatimaye kina askari. Mmoja. Wakubwa saba wananiamuru. Kabla ya chakula nimetumwa maji mara tano.

Kisha Baroni na Delorme wakapigana kwa bastola: nani ataongoza ubavu wa kulia wa kikosi? Ubavu wa kulia ni mimi! Na wa kushoto ni mimi pia. Delorme kapoteza ncha ya sikio. Ndiyo damu yetu ya kwanza kumwagika kwa ajili ya Ugiriki.

Waturuki wameonekana darajani. Farasi mia mbili, wanasema.

Jumamosi, 11 Mei
Naandika kifudifudi nyuma ya jiwe.

Walikuja asubuhi. Baroni katupanga uwanjani, wakubwa saba na mimi. Vumbi lilipokaribia nikapewa amri tatu kwa mpigo: songa mbele, piga goti, geuka kushoto! Stamoulis akapaza sauti kutoka miambani: "Lala, fundi! Lala!"

Hiyo tu ndiyo niliyoielewa. Nikalala, nikatambaa mpaka kwake. Makapteni wawili wakanifuata. Watatu wamekimbilia kijijini. Delorme kafa akiwa wima kabisa, kitambaa kikiwa bado sikioni. Juzi tu nilikuwa namcheka.

Waturuki wamerudi mtoni kujipanga. Wanakuja tena. Baroni yu hai, kule kwenye nyasi, hatua hamsini hivi. Risasi ya paja.

"Askari!" anaita. "Askari, njoo unibebe! Ni amri!"

Stamoulis kaushika mkanda wangu. "Mwache huyo. Si alikutuma maji kama punda?"

Kweli, alinituma.

Vumbi linapanda upande wa mto. Wale makapteni wawili wanachunguza viatu vyao.

Kaita tena. Safari hii hakutaja amri. "Anselm. Anselm, tafadhali." Sikujua kama analijua jina langu!

Nimemwambia Stamoulis auachie mkanda.

"Nipe sababu moja," kasema.

Sina. Naiweka penseli mfukoni —