Askari Waliotulizwa

Jumatatu, 6 Juni 1983
Ganako. Ukungu hadi saa nne. Bartolomeo wangu kafa tangu Machi na bado nimo kwenye metimani ya mjane, kutengwa kwa ajili ya mkosi wa kifo. Simgusi mtu wala siguswi, siingii kwa jirani, jirani haingii kwangu, mpaka wazee waseme basi. Maji nachota wenzangu wakishaondoka. Antonia, shoga yangu tangu usichana, kanisalimia kutoka ng'ambo ya shamba lake, akaendelea kung'oa maharage. Simlaumu. Desturi ni desturi.
Uvimbe wa titi umekua. Ulikuwa punje ya hindi, sasa kiazi. Hauumi. Nimwonyeshe nani — mbuzi?

Alhamisi, 9 Juni
Nimekwenda Karatu kwa daktari, kwa njia ya korongoni nisikutane na mtu. Nikakaa nje, mbali na benchi. Daktari Eliapenda ni Mchaga, hajui mambo yetu — kanishika mkono! Tangu msiba sijashikwa mkono. Nilitaka kulia, nikajikohoza.
Kasema huenda ni saratani, nikakatwe Moshi, haraka. Nikamuuliza, mwili si una askari wake wa kupigana na maradhi, walikuwa wapi? Wapo, mama. Ila kati yao kuna watulizaji, kazi yao kuwazuia wenzao wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Uvimbe unawavuta hao, unajizungushia. Askari wakija kupigana wanatulizwa na ndugu zao. Wataalamu bado wanabishana, anasema, ila kwa panya wameliona.
Si muwaondoe hao watulizaji? Akacheka kidogo. Tukiwaondoa wote mwili utajila. Dawa ya kuwachagua hatuna. Kwa sasa ni kisu.

Jumapili, 12 Juni
Kengele ya kanisa. Sikwenda.
Kaja shemeji Hhando, mdogo wa marehemu. Kasimama uani. Mtu mwema, mpatanishi wa kitongoji kizima, hakuna ugomvi asiouzima. Nikamweleza yote. Akasema kwa ile sauti yake ya pole: shemeji, ukipanda gari na watu ukiwa hivi utawapelekea mkosi. Wazee watakutoa baada ya mavuno. Subiri kidogo. Si umesema hauumi?
Nikaitikia. Kila mtu humwitikia Hhando.

Jumanne, 14 Juni
Sina la kuandika. Nimeongea na sufuria.

Ijumaa, 17 Juni
Kwapani nako kuna kitu. Kigumu. Naogopa.

Jumamosi, 18 Juni
Lori la vitunguu la Arusha linapita asubuhi hii; toka huko nitaunga hadi Moshi. Nimefunga khanga mbili na sahani yangu. Nitakaa nyuma juu ya magunia, nisimguse mtu.
Hhando kawahi. Yuko kwenye kinjia cha kutokea, hapazi sauti. Tulia shemeji, anasema, mbona mambo yote yametulia.
Yametulia, ndiyo. Hilo ndilo linalonitisha.
Nilipotoka kanyosha mkono kunizuia, akakumbuka, akaurudisha. Nimerudi ndani kufuata kikombe, naandika nimesimama. Antonia yuko mpakani mwa shamba lake, kaacha maharage, anatutazama. Honi ya lori kule juu. Hhando hajaondoka. Kinjia ni chembamba, kupishana lazima tugusane, na yeye haruhusiwi kunigusa. Nikimwendea, atanipisha mwenyewe. Natoka.