Usimrefushe Shangazi

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mbao.
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, ni kweli, na nikujibu hilo kabla hata sijakuamkia. Binamu alipopita hapa saa nne asubuhi, alimkuta mume wangu amekaa kitako anacheza gemu la mpira wa kikapu kwenye kimashine cha mkononi. Hakukudanganya. Ila alikunywa chai akaondoka, hakungoja kusikia yaliyobaki.

Sasa shikamoo, Shangazi wangu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia, au bado ngazi unazipanda kwa kupumzika kila kidato? Sisi wazima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto cha mume wangu, na hapo ndipo habari inapoanzia.

Kiliguswa na msumeno, kikashonwa nyuzi sita. Daktari akamkataza randa na nyundo mpaka nyuzi zitolewe. Na mtu yule hajui kukaa bure! Siku ya pili alikuwa amekwisha kukaza kila kitasa humu ndani kwa mkono mmoja. Siku ya tatu nikamkuta anaipima meza yetu, meza aliyoitengeneza mwenyewe. Mdogo wake akamhurumia, akamwazima gemu.

Shida ni kwamba gemu linataka vidole gumba viwili, na akiwa peke yake anaambulia kufungwa tu. Cha kushoto kinamkimbiza mchezaji, cha kulia kinamrusha na kufunga. Basi nikirudi kutoka kazini kwangu, duka la dawa, tunakaa bega kwa bega, mimi nashika upande wa kushoto, yeye wa kulia. Mimi ni miguu, yeye ni mikono. Mwanzoni tulikuwa kichekesho, anaruka kabla sijafika, mpira unakwenda kwa watazamaji. Siku hizi hatuambizani kitu. Nikivuta pumzi tu, anajua naelekea wapi. Usinicheke, ndoa bado mbichi.

Ni mchezo mtamu. Wawili kwa wawili, watu wanaruka hadi juu ya ringi, na ukifunga mara tatu mfululizo mpira unawaka moto. Refa hakuna. Unamsukuma mtu anaanguka chali na filimbi hailii. Nilipoona hivyo nikamwambia, hapa Shangazi angetawala, yeye ambaye timu ya shule ilimwita Ukuta na marefa walimchoka.

Aliacha kucheza, akaniuliza habari zako mpaka chai ikapoa. Ulivyonilea, ulivyonifundisha kudaka mpira kwa soksi zilizofungwa fundo, hata unavyosonya ukishindwa. Kumbe gemu linakuruhusu kuunda mchezaji wako. Kesho yake narudi kutoka kazini, namkuta Ukuta uwanjani, jezi namba tisa, utepe kichwani, kidevu juu. Machozi yalinilengalenga.

Ila kimo, Shangazi. Aliniuliza unafika wapi, nikamwonyesha begani kwangu. Akachukua futi, akapima kutoka sakafuni, akaweka vilevile. Na wapinzani mle ndani ni milingoti ya taa! Tumefika fainali mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja wamefunga juu ya kichwa chako. Nikamwomba akutoe upumzike kidogo, akasema Shangazi hakai benchi. Nikamsihi basi akurefushe. Akatikisa kichwa.

"Tukimrefusha, tutashinda na mtu mwingine."

Hapo nilimpenda upya, kana kwamba sijaolewa naye bado.

Lakini unajua mimi kushindwa sikuwezi, nimerithi kwako. Alhamisi alipokwenda kutolewa nyuzi, nilikuwa nyumbani, nikakuongeza inchi tatu tu. Nilidhani nani atajua. Akarudi, akashika upande wake, akaitazama skrini kwa jicho lile la kutazama mguu wa kiti.

"Nani amemrefusha Shangazi?"

Nikasema labda ni viatu. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha akakurudisha kwenye kimo chako, na tukafungwa mara ya kumi na mbili, kwa pointi moja.

Barua yako ilifika jana, nikamsomea. Nilipofika pale ulipoandika kwamba mwanamume wa kuchezea vitu vya watoto hajawa wa kukabidhiwa nyumba, na kwamba baraka zako bado umezifungia kabatini, nilitaka kuruka mstari. Sikuruka. Pia niliona umenisalimu mimi peke yangu. Goti ndilo lililokuzuia kuja arusini, hilo najua, lakini wewe ndiye uliyenilea, na nyumba hii bila neno lako naiona kama haina mlango.

Hakukasirika. Alikaa akikitazama kile kidole chenye kovu, kisha akasema, "Mimi nimempima kwa maneno yako tu. Twende, na yeye anipime."

Kesho anarudi karakanani, viti vya watu vinamsubiri. Gemu tumeachiwa kwa muda.

Nisalimie bibi, mwambie shuka aliyonipa ndiyo iliyo kitandani. Msalimie kaka mwalimu na mkewe, na binamu pia, mwambie chai ipo lakini safari ijayo asikilize mpaka mwisho. Mungu akupe usingizi mwema na goti jepesi.

Na wewe jiandae. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, sote wawili. Utashika upande wa kushoto, yeye wa kulia, umwonyeshe mtu mfupi anavyowazuia warefu. Mimi nitakaa pembeni niwatazame. Mkifungwa ukasonya tu, nitajua umempokea.

Ni mimi, Chiriku wako, nikupendaye kuliko maneno yangu yote.